Uzi wa Sweta la Mdogo Wangu

Nikinusa uzi mpya wa sufu, naliona duka lile la pale mjini Somanda, enzi bidhaa zilipoanza kujaa tena madukani. Mama alitaka kumfumia sweta mdogo wangu mchanga. Muuza duka akamsukumia uzi mnene.

"Huu utamaliza upesi, mama."

Mama akanigeukia. "Wewe unaonaje?"

Nikausugua shingoni, ukawasha. Nikajaribu mwembamba, ukateleza.

"Mayu," nikamwambia mama, "huo mnene utamkwaruza mtoto."

Muuza duka akacheka. "Mtoto huyu anajua nini?"

Mama hakucheka. "Nipe mwembamba."

Alifuma wiki nyingi. Siku ya ubatizo, wanawake walipolisifu sweta, alinivuta mbele yao.

"Uzi kachagua huyu."

Nilimbeba mdogo wangu mpaka nyumbani, sikukubali kupokewa.