Fimbo ya Bariyeri ya Kaskazini

Thaddée Sebagenzi aliacha kuiamini saa mwezi wa Aprili 1961. Tangu hapo, hata uzeeni kwake pale Songo, mtaa wa Uvira, aliivaa mkononi kwa heshima ya waliompa tu, si kwa kuitazama.

Kazi yake ilikuwa kulinda bariyeri. Kusini mwa Kalundu, bandari ya Uvira, kuna mahali mlima unaposhuka moja kwa moja hadi maji ya ziwa, na miaka ile barabara ilikuwa imechongwa ubavuni mwake, nyembamba kama mshipi. Kwa kilomita saba kamyo mbili hazikuweza kupishana. Ndiyo maana kulikuwa na miti miwili ya kufunga njia: wa kaskazini ulikuwa wa Sebagenzi, mtoto wa wafugaji wa Bijombo aliyeshuka mlimani kwa ajili ya shule, na wa kusini ulikuwa wa Anastase, mtoto wa wavuvi, mtu wa maneno mengi na baiskeli moja. Wazungu wa barabara walikuwa wamewaachia simu ya kuzungusha kwa mkono. Kabla ya kufungua, mmoja alimpigia mwenzake.

Sebagenzi alipokumbuka siku zile, kwanza ilimjia harufu. Félicité alikuwa akikaanga ndagala, dagaa wa ziwani, chini ya kibanda cha mabati hatua kumi kutoka kwenye bariyeri, na moshi wa pilipili ukawatoa machozi mashofere waliokuwa wakingoja zamu. Walicheza dama kwa vizibo vya chupa, wakabishana kuhusu uhuru, nani ataendesha nchi na nani ataendesha kamyo. Wageni walilalamika kwa kucheleweshwa. Wenyeji walijua kwamba pale bariyerini ndipo habari zote za ziwa zilipopita, kwa hiyo hata asiyekuwa na safari alikuja kungoja.

Mwaka wa uhuru haujaisha, waya wa simu ulianza kupungua. Huku ulionekana mkononi mwa msichana umekuwa bangili, kule ulionekana porini umekuwa mtego wa kanga. Ikabaki saa. Walipatana: kuanzia saa moja asubuhi magari ya kaskazini yapite, kuanzia saa tatu ya kusini, na kuendelea hivyo kwa zamu. Kila mmoja alikuwa na saa nzuri ya mkononi, zawadi ya wale Wazungu wa barabara, na kila Jumapili baada ya ibada walikutana wakazilinganisha.

Siku ile ya Aprili, zamu ya kaskazini ilipofika, Sebagenzi alifungua. Hakujua kwamba gari la mwisho la kusini lilikuwa limepasuka gurudumu katikati ya njia, likatengenezwa, likaanza tena kutembea. Lilikutana na la kwanza la kaskazini kwenye kona iliyoitwa Pua. Watu kumi na mmoja waliingia ziwani na hawakutoka wazima.

Waliokuja kuchunguza waliichukua saa yake, wakaipima, wakamrudishia. "Iko sahihi," wakamwambia. "Weye hauna kosa." Neno hilo lilimchoma kuliko kama wangemfunga.

Alipanda Bijombo kwa baba yake, mzee Gakunzi, akakaa siku tatu. Siku ya nne mzee alimpeleka kwenye njia ya ng'ombe iliyopita juu ya korongo. Pale makundi mawili yakikutana, lazima moja lianguke. Kwenye mti, mwanzoni mwa njia, ilitundikwa fimbo ya mchungaji. Anayevuka huichukua, hupitisha ng'ombe wake wote, kisha huitundika kwenye mti wa upande wa pili. Usipoikuta, unakaa. Mvua inyeshe, jua liwake, unakaa.

"Na mtu akiwa na haraka?" Sebagenzi aliuliza.

"Haraka ni yake," mzee alisema. "Ng'ombe ni wa ukoo mzima."

Alishuka na fimbo ya baba yake, nyeusi kwa mafuta ya mikono. Yeye na Anastase wakapatana upya: gari la mwisho la kila zamu hubeba fimbo, na bariyeri ya upande wa pili haifunguki mpaka fimbo ifike. Ikikosa gari la kuirudisha, Anastase huirudisha kwa baiskeli. Mashofere walicheka juma moja, wakaizoea. Hatimaye kuibeba kukawa sifa. Placide, shofere wa kamyo ya bluu iliyobeba muhogo, alikuwa akiitoa dirishani kama askofu. Na Sebagenzi, kwa mwandiko wake mdogo ulionyooka, aliandika katika daftari kila gari lililopita na kila safari ya fimbo.

Ndivyo ilivyokuwa mwaka 1962 ilipofika tume ya wabunge kutoka Léopoldville. Walikuwa watatu katika gari moja jeusi, wametumwa na baraza kuona kwa nini watu wanakufa barabarani. Mkubwa wao, député Jean-Berchmans, alikuwa mtu mnene mwenye kofia ya ukindu na kalamu mbili mfukoni. Gari lao likasimama mbele ya mti uliofungwa.

"Fungua, papa. Ni tume ya baraza."

"Karibuni sana, Bwana député. Lakini fimbo haiko."

"Fimbo gani?"

Sebagenzi alieleza. Député alitoa kalamu. "Imeandikwa katika sheria ipi?"

"Haijaandikwa."

"Nani aliileta?"

"Ng'ombe, Bwana député."

Kibanda kizima kiliangua kicheko. Félicité akadakia kutoka kwenye kikaango chake: "Mukuje mukule ndagala, bakubwa! Hapa hata gavana alikula akingoja!" Uongo mtupu, lakini ulimshusha député garini. Alikula kwa hasira, kisha akala kwa hamu. Kamyo ya bluu ilipojitokeza kwenye kona, watu thelathini juu ya magunia na fimbo dirishani, mbunge alisimama na kidole bado kina mafuta.

"Kama ungenifungulia?" aliuliza polepole.

"Mungekutana nayo kwenye Pua. Mmoja arudi nyuma. Na nyuma pale hakuna udongo."

Député aliandika kurasa mbili. Kwa kuwa gari lake ndilo lililofunga zamu ya kaskazini, Sebagenzi alimkabidhi fimbo kwa mikono miwili. "Mutaipatia Anastase, kwenye bariyeri ya pili. Munisamehe kurudia: Anastase."

Zamu ya kusini ikapita, na hakuna gari lililokuja. Jua likapita utosini. Upande wa kaskazini kamyo tisa zilikuwa zimepanga mstari, mashofere wamemaliza dama na wameanza matusi.

"Papa Sebagenzi," alisema Placide, aliyekwisha kushusha muhogo na kungoja kurudi kusini, "kata fimbo ingine. Miti imejaa mulima muzima."

"Na ile ya kwanza ikirudi leo?"

"Basi tutakuwa na mbili."

"Fimbo mbili ni sawa na hakuna fimbo."

Alifunga mti kwa kufuli, akampa Félicité ufunguo autie kifuani, mahali ambapo hakuna shofere angeufuata, akaanza kutembea. Kilomita saba alizipita peke yake, mlima kushoto na ziwa kulia; hapana, ziwa kushoto na mlima kulia, kwa maana alikuwa akielekea kusini. Siku hiyo hata hilo lilimchanganya, kwa jinsi alivyosikiliza kila kona kama kuna injini. Kwenye Pua alivua kofia. Hakusimama.

Upande wa pili alikuta kamyo kumi na mbili, mti umefungwa, na Anastase ameketi juu yake, suruali imepasuka gotini.

"Balipita nayo!" Anastase alifoka. "Niliinua mukono, bakanipungia! Nimebafuata na baiskeli mpaka mupira ukapasuka. Iko naenda Fizi, fimbo yetu, imekaa katikati ya ba-députés kama bibi harusi!"

"Njia ni nyeupe," Sebagenzi alisema. "Nimeipita yote kwa miguu, hakuna gari. Leo miye ndiyo fimbo."

Anastase alimtazama kuanzia viatu hadi kichwa. "Fimbo yenye njaa," akasema, akafungua.

Sebagenzi alipanda gari la mwisho na kurudi kaskazini. Kisha akapanda la mwisho la kaskazini na kurudi kusini. Siku hiyo na siku iliyofuata alikwenda na kurudi mara saba, juu ya muhogo, juu ya mbuzi, mara moja juu ya jeneza tupu, na mashofere wakapiga kelele kwenye bariyeri: "Fimbo imefika! Muipatie maji!"

Alikuwa kusini gari jeusi liliporudi kutoka Fizi. Député alishuka, fimbo mkononi, akamwona, akashangaa. "Mbona uko huku?"

"Nyinyi mulibeba fimbo, Bwana député. Nimekuwa nikifanya kazi yake."

Mbunge aliitazama foleni, akaitazama suruali ya Anastase. Alikuwa mtu mwenye aibu, na hilo Sebagenzi alimhesabia wema mpaka mwisho. Lakini hakuiachia fimbo.

"Nisikilize," alisema kwa sauti ya chini. "Nikisimama mbele ya baraza nikasema, huko Uvira watu wanaokolewa na fimbo, watanicheka. Nikiinyanyua mkononi, watanyamaza. Labda bariyeri zote za nchi zitapata kanuni hii. Unakataa hilo? Mukate nyingine, na hii mimi nitaifikisha Léopoldville, hairudi kamwe."

Lilikuwa neno la kweli, na ndiyo maana lilimwumiza Sebagenzi. Alifikiria barabara nyingine, kona nyingine. Halafu akafikiria mashofere waliokuwa mbali, Bukavu, Baraka, wanaoijua ile fimbo nyeusi na wasioijua nyingine yoyote. Leo wakiona mti mpya dirishani, kesho kila mjanja atakuja na mti wake.

"Bwana député," alisema, "batu kumi na moja walikufa hapa kati ya saa zetu mbili za mkono, na zote zilikuwa sahihi. Fimbo haina haja ya kuwa sahihi. Inatakiwa kuwa moja tu, na batu baijue."

Akatoa daftari chini ya koti. "Chukueni hili. Miezi kumi na tatu. Kila gari limo, na hakuna mawili yaliyokutana. Hilo batalisoma."

Député alifungua kurasa, akasoma kwa muda mrefu, midomo ikitembea. Kisha akampa Sebagenzi fimbo, kwa mikono miwili, kama alivyopewa.

Daftari halikurudi, na barua haikuja. Mwaka uliofuata baraza lenyewe lilifungwa, na Sebagenzi hakujua kama daftari lake liliwahi kuwekwa mezani. Alinunua jingine. Fimbo ikaendelea kwenda na kurudi, ndagala zikaendelea kunukia, na katika kumbukumbu zake miezi ile ilikuwa mirefu kuliko miaka yote iliyoifuata.

Mwezi wa Mei 1964, saa za asubuhi, alimkabidhi Placide fimbo kwenda kusini. Kabla haijarudi, bunduki zililia upande wa Uvira, na waasi na wanajeshi wakagawana barabara. Sebagenzi alipiga kufuli, akapanda Bijombo na ufunguo. Mti wa bariyeri ulichomwa. Kuhusu Anastase, wengine walisema alivuka ziwa, wengine hawakusema kitu.

Alihamia Songo alipokuwa na mvi. Félicité alikuwa jirani, na kila gari la kusini lilipopita alimchokoza: "Papa, njia imefunguka?"

"Fimbo haiyafika bado."

Mwaka 1985 walialikwa pamoja kwenye arusi upande wa Makobola. Barabara ilikuwa imepanuliwa siku nyingi, magari yakipishana bila kupunguza mwendo. Walipofika mahali palipokuwa na bariyeri yake, Sebagenzi alimwomba shofere asimame, akashuka.

"Nyinyi mufuate," alisema. "Miye nitatangulia kwa miguu."

"Kilomita saba!" Félicité alilia kutoka dirishani. "Arusi itakwisha, bibi harusi atazaa!"

Lakini alimwambia shofere aende polepole. Walimfuata hivyo, gari nyuma ya mtu, na wengine wakawapita wakipiga honi. Kwenye Pua alivua kofia. Mahali pa Anastase palikuwa na shina la mti lililooza na mama mmoja akiuza miwa. Sebagenzi alisimama mbele ya lile shina, akapumua.

"Njia ni nyeupe," akasema. Kisha akarudi garini, akafunga mlango.