Miwani ya Kuchambulia Omena

Kruu! Mpaka leo nausikia ule mlio wa kijiwe kikisagika kwenye meno ya mteja wetu. Alikuwa mama mnunuzi kutoka Rodi Kopany, na kila akija Sindo lazima aonje omena, wale dagaa wetu wa ziwani, kabla hajanunua. Siku hiyo alitema kando, akamgeukia nyanya yangu, ambaye wote tunamwita dani, yaani bibi kwa Kijaluo.

"Dani, unaniuzia samaki ama changarawe?"

Wanawake wenzake wa banda la samaki walicheka. Nyanya naye alicheka, lakini mikono ilimkwama juu ya uteo.

"Leo nachukua," yule mama alisema, sasa kwa upole. "Lakini nikipata mawe tena nahamia kwa jirani. Wateja wangu wana meno, dani."

Omena ndizo zilizonilea. Na zamani watu walijua, za nyanya unatia sufuriani bila wasiwasi. Sasa alikuwa anausukuma uteo mbali, anauvuta, anageukia jua. Ukimuuliza, anasema, "Macho yamezeeka na mimi, nyathina, mtoto wangu. Yaache yapumzike." Mimi ni mtu wa kuota ndoto, nilishamjengea kichwani duka lenye taa zinazowaka hata mchana. Lakini kwanza nikambembeleza twende zahanati siku wapimaji wa macho walipokuja.

Alifunga omena kidogo kwenye pindo la leso. Nikadhani ni chakula cha njiani.

Kijana mpimaji alimmulika, akasema macho ni mazima, hayana mtoto wa jicho. Umri tu unamnyima kuona vitu vya karibu. Akamvisha miwani, akampa kadi ya herufi.

"Soma hapa, nyanya."

"Mimi sikusoma. Kwani hiki kikaratasi kinauzwa soko gani?"

Akafungua leso, akamwaga omena mezani. Harufu ikampiga kijana, kiti kikarudi nyuma chenyewe! Miwani ya kwanza, nyanya alitikisa kichwa. Ya pili, akasema samaki wamefufuka wanaogelea. Ya tatu, akainama karibu na meza. Kisha akaokota konokono mdogo kama punje ya mtama, akamweka juu ya kadi. Akaokota kijiwe. Akaokota kingine.

"Kumbe mlikuwa mnakula hivi vyote?" aliniuliza, machozi yakimlenga.

"Tulikuwa tunakula, dani."

"Na ukanyamaza?"

"Si ulikuwa umepika wewe? Vilikuwa vitamu."

Akanipiga begani, akicheka na kulia. Tukarudi nyumbani na miwani ile ya tatu.

Mama wa Rodi Kopany aliporudi, alitia omena mdomoni, akatafuna polepole. Banda zima lilitega sikio. Hakuna kruu. Akafungua gunia lake, akasema, "Jaza, dani."

Kwa furaha nyanya alivua miwani, akaitupa juu ya turubai palepale anapokaaga, akamsindikiza mteja mpaka barabarani.

Nilibaki peke yangu. Nikakata kipande cha uzi wa nyavu kuukuu, nikafunga ncha zake mbili kwenye mikono ya miwani, ili aivae shingoni asije akaikalia. Nikafuta magamba kwenye vioo kwa upindo wa gauni langu, halafu nikaitundika kwenye msumari anapotundika uteo wake.