Njia Tatu za Saimi Kuvuka Mto

Saimi Kurkela ana njia tatu za kwenda kazini, na zote tatu anaziogopa. Aliniambia hivyo mara moja tu, tukiwa kwenye banda la baiskeli, yeye amechuchumaa akipunguza upepo wa tairi la mbele ili lishike theluji vizuri. Alisema kama mtu anayetaja bei ya vitunguu, kisha akanyanyuka, akajipangusa magoti na kuondoka.

Nimepanga ghorofa ya juu ya nyumba yake mwaka wa tisa sasa, katika mji huu wa kaskazini mwa Ufini ambapo mto unakaribia bahari. Nimeendesha baiskeli katika miji mingi yenye madereva wabaya kuliko wa hapa. Lakini sijaona mtu anayefikiria njia kama Saimi. Ana miaka hamsini na saba. Ni mpishi wa shule iliyo ng'ambo ya mto, na kwa majira ya baridi thelathini na moja amekuwa wa kwanza kufungua mlango wa jiko, saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Hilo ndilo tatizo lake lote. Magari ya kusukuma theluji husafisha njia kuu za baiskeli kabla ya saa moja, na zile ndogo kabla ya saa nne. Saimi hupita kabla ya zote. Theluji iliyoanguka usiku ni yeye wa kuikanyaga kwanza, bila kujua kuna nini chini yake.

Njia ya kwanza inapita kwenye handaki chini ya reli na kutokea kwenye daraja dogo. Maji hudondoka kutoka darini, yanaganda, na mtu akiingia pale hana tofauti na aliyepanda juu ya kioo. Miaka miwili iliyopita alianguka humo, akavunjika kifundo cha mkono, akalala dakika ishirini katika baridi ya nyuzi ishirini na mbili chini ya sifuri hadi mpeleka magazeti alipompata. Tangu siku hiyo njia ya kwanza imebaki kuhesabiwa tu.

Njia ya pili ni daraja kubwa. Inaongeza kilomita nne, na kipande cha mita mia sita hakina pa kupita ila barabarani, kwa sababu theluji ya barabara hurundikwa juu ya njia ya baiskeli. Hapo ndipo malori ya magogo yanapopita.

Njia ya tatu ni barafu ya mto yenyewe. Dakika kumi na mbili, tambarare, hakuna gari.

Barafu ile haifunguliwi na ofisi yoyote. Huifungua Mzee Oiva Pelkonen, mwenye miaka sabini na tisa, aliyeendesha gari la theluji hadi alipostaafu. Kila Siku ya Uhuru, mwanzoni mwa Desemba, watu wanapoandaa mishumaa miwili ya kuweka dirishani jioni, Oiva hushuka mtoni na keekee yake ya barafu. Hutoboa matundu matatu katikati ya mto, mahali ambapo mkondo una nguvu, na kuingiza fimbo yake yenye alama. Barafu ikifika shibiri moja, hupanda matawi ya msonobari kila hatua ishirini, kutoka ukingo hadi ukingo. Matawi yakisimama, njia iko wazi. Siku matawi mawili yakilazwa yamepishana kama msalaba, imefungwa. Hakuna anayeuliza zaidi ya hapo. Na hakuna anayegusa tawi la Oiva. Mtu angeweza kuingia nyumbani kwake na kula samaki wake wa moshi, akasamehewa haraka zaidi.

Desemba iliyopita Saimi alisimama ukingoni akimtazama Oiva, pamoja na mdogo wake, Lahja, anayefua mashuka ya hospitali ng'ambo ile ile. Nami nilikuwepo, nimebeba fungu la matawi.

"Kesho unapita wapi?" Lahja akamuuliza.

"Darajani."

"Kilomita nne za bure. Mzee keshaweka matawi."

"Nimeyaona."

"Dada, wewe utakuja kuogopa sufuria yako."

"Sufuria yangu haina kina cha mita sita."

"Saba," Oiva akasema bila kuinua kichwa. "Pale katikati ni saba."

Lahja akacheka. Saimi hakucheka. Alikuwa anatazama maji yaliyoganda karibu na gati la kufulia mazulia, pale pale chini ya miguu yetu, mahali tawi la kwanza lilipopandwa. Nilidhani ni hofu yake ya kawaida. Baadaye ndipo alinieleza kilichokuwa kichwani mwake.

Mwezi wa Julai alikuwa amepiga magoti kwenye gati hilo akisugua mazulia, kama anavyofanya kila kiangazi. Brashi ikamponyoka. Miaka yote brashi ikianguka pale huelea tu, maana maji yamelala, unainyooshea mkono na kuichukua. Safari hii ilipaa. Kufumba na kufumbua ilikuwa imeshapita gati na kuelekea baharini. Mafuriko ya Mei yalikuwa yamesogeza fungu la mchanga lililokaa mtoni, juu kidogo ya gati, na kulikinga na mkondo; kila mtu alijua, watu walilizungumzia wiki nzima. Lakini hakuna aliyelihusisha na barafu. Saimi alilihusisha, akanyamaza. Oiva amepima mto ule miaka arobaini. Saimi ni mpishi tu aliyepoteza brashi.

Kwa hiyo alipita darajani, Desemba yote na nusu ya Januari. Kisha baridi ikalegea. Siku tatu theluji nzito ilianguka ikalala juu ya barafu kama blanketi. Jumatano, kwenye kile kipande cha mita mia sita, lori la magogo lilimpita karibu mno. Hakugongwa. Upepo wa lori ulimtupa kwenye rundo la theluji, na kioo cha pembeni kilipita, kwa maneno yake, "hapa," akigusa sikio. Nilimkuta jioni jikoni ameshika kikombe cha kahawa kwa mikono miwili, na mkate wa iliki haujaguswa.

Simu ikaita. Alikuwa Lahja, anajiandaa kwenda zamu ya usiku. Saimi aliiweka simu kwenye spika ili aendelee kushika kikombe.

"Nimesikia umeoga theluji," Lahja alisema.

"Nani kakwambia?"

"Mji mzima. Sikiliza, pita barafuni. Mimi napita kila siku, sijalowa hata soksi."

"Nitaona."

"Utaona nini? Unataka lori likuandikie barua?"

Saimi akakata simu. Akafungua droo na kutoa vile vibao viwili vya mbao vyenye misumari yenye ncha, vilivyofungwa kwa kamba, ambavyo mtu wa huku huning'iniza shingoni anapokwenda barafuni. Ukizama, unachomeka misumari kwenye barafu na kujivuta. Akavipima kiganjani.

"Kesho ni Alhamisi," alisema. "Siku ya supu ya njegere. Watoto mia tatu na arobaini."

Ndivyo alivyochagua njia ya tatu.

Yaliyofuata nimeyasikia kwake na kwa Lahja, kila mmoja kwa wakati wake, na hayatofautiani.

Alifika ukingoni saa kumi na mbili kasoro dakika kumi. Giza, kama kawaida ya Januari. Aliteremka, akaisukuma baiskeli badala ya kuipanda, taa ya mbele ikimulika tawi la kwanza, kisha la pili. Alikuwa anahesabu hatua kwa sauti ili asisikie moyo wake. Baada ya tawi la pili theluji ilibadilika rangi. Ilikuwa ya kijivu, kama uji uliomwagiwa maji. Na tawi la tatu halikuwa limesimama. Liliinama upande wa bahari, na shina lake lilikuwa na pete nyeusi ya maji.

Tairi la mbele likazama kiganja kizima. Akaganda pale pale. Anasema hakufikiria kifo. Alifikiria ile brashi, jinsi ilivyokuwa na haraka.

Alirudi nyuma hatua moja moja, kwenye nyayo zake mwenyewe, akiivuta baiskeli, hadi akakanyaga ukingo. Akakaa chini kwenye theluji. Na hapo, akiwa amekaa, aliona taa ng'ambo ya mto.

Ilikuwa ndogo, taa ya baiskeli, inayumba kidogo, inakuja. Zamu ya usiku hospitalini huisha saa kumi na mbili kasorobo. Kila siku Lahja hutoka akiwa amechoka, anavuta kofia hadi kwenye nyusi, anafunga skafu hadi puani, na kupanda baiskeli akifuata matawi hadi nyumbani akiwa karibu kulala. Upande ule na katikati barafu ilikuwa shibiri na zaidi. Jioni iliyotangulia barafu ilikuwa imembeba kote, na kwake hakukuwa na la kutilia shaka mpaka hatua arobaini za mwisho.

Saimi alipiga simu. Iliita ndani ya begi, ndani ya mfuko, chini ya makoti. Akapiga kelele. Upepo ulikuwa unatoka baharini, ukachukua sauti na kuipeleka pembeni. Akainua baiskeli, akapunga taa huku na huku. Taa ya ng'ambo nayo ikapunga, huku na huku, kwa furaha. Lahja alidhani dada yake hatimaye amethubutu na anajigamba.

Taa ilikuwa imepita nusu ya mto.

Kuna kitu kimoja tu ambacho mtu wa huku, hata akiwa amelala nusu, husimama akikiona. Saimi aliling'oa tawi la kwanza, ambalo Oiva hulifunga utepe mwekundu. Anasema mkono ulikataa mwanzoni, kana kwamba anang'oa msalaba kaburini. Akaling'oa na la pili. Akalala kifudifudi, akaisukuma baiskeli mbele yake ikiwa imelala ubavu, taa ikitazama mto, na matawi mawili juu ya fremu. Akatambaa kuelekea pale alipotoka kukimbia. Maji yakaingia kwenye glavu, kisha kifuani. Hakuhesabu tena. Alikuwa anasema jina la mdogo wake, si kwa kumwita, bali kwa kuwa mdomo ulihitaji cha kufanya.

Alipolifikia lile tawi lililoinama aliyalaza mawili aliyobeba, moja juu ya jingine, mbele ya taa, na akajisukuma nyuma.

Ile taa ndogo ikasimama. Hatua thelathini, labda pungufu.

"Saimi?" Skafu ilikuwa imeshushwa sasa, sauti ilisikika. "Unafanya nini umelala hapo?"

"Rudi."

"Nimechoka mie. Nani kayapishanisha hayo? Mzee?"

"Mimi. Rudi, Lahja. Shika njia yako uliyojia, usiende pembeni."

"Umeng'oa matawi ya Oiva? Atakuua."

Barafu ikatoa sauti. Si mlio mkubwa. Wanaoishi hapa wanajua ule wimbo mrefu wa barafu nzito, hauogopeshi hata mtoto. Huu ulikuwa kama mtu anayechana kitambaa taratibu. Baiskeli iliinama upande mmoja, polepole, matawi yakateleza, kisha vyote vikazama. Taa haikuzimika. Kwa muda mfupi shimo zima likawa la kijani, likiwaka kutoka chini, na mwanga ukaondoka kuelekea baharini, kwa haraka ile ile ya brashi.

Giza likarudi.

"Dada?"

"Nipo."

"Nipo na mimi," Lahja akasema, kwa sauti ambayo Saimi hakuwa ameisikia tangu wakiwa watoto. Baadaye ile taa ndogo iligeuka na kuanza kwenda mbali, Lahja akiisukuma baiskeli kwa miguu.

Siku hiyo supu ya njegere ilichelewa kwa dakika hamsini, jambo ambalo shule haijalisahau. Saimi alibadilisha nguo na kwenda kwa miguu darajani.

Alasiri Oiva alikuja na keekee. Sisi watatu tulimsubiri ukingoni. Alilala kifudifudi juu ya ngazi ya mbao, akatoboa hatua kumi tu kutoka gati. Fimbo iliingia, akaishika kwa kidole mahali barafu ilipoishia, akatuonyesha. Upana wa vidole viwili. Aliitazama kwa muda mrefu.

"Hapa sijawahi kupima," alisema. "Hapa maji yamelala."

"Yalilala," Saimi akasema. Akamsimulia habari ya brashi.

"Julai?"

"Julai."

"Na hukusema."

"Ungesema naogopa."

"Ningesema," Oiva akakubali. Akajifuta pua kwa glavu. "Mimi kule katikati nilikuwa naogopa zamani. Ndiyo maana nilitoboa kule. Siku hizi natoboa kwa mazoea tu."

Akajivuta nyuma juu ya ngazi hadi ukingoni, na Lahja akampa mkono.

Wiki iliyofuata baridi ilirudi, nyuzi ishirini na sita. Jumapili asubuhi tulikuta keekee na fimbo ya Oiva vimeegemezwa mlangoni kwetu, bila barua. Saimi alivizunguka kama mtu anayezunguka mbwa asiyemjua. Alipika kahawa, akainywa, akavitazama dirishani. Kisha akavaa.

Badala ya matundu matatu ya Oiva, yeye alikuwa ameshatoboa kumi na moja na bado hajafika katikati. Kamba ilikuwa kiunoni mwake, nasi tumeshika upande wa pili, mimi na Lahja.

"Kwa mwendo huu tutavuka Pasaka," Lahja alisema.

"Basi tutavuka Pasaka. Legeza kamba kidogo."

Akasogea hatua moja. Akasimama, akainamisha kichwa, akasikiliza. Kamba mkononi mwangu ilikuwa inatetemeka, na nilijua si upepo. Akapiga magoti, akaweka ncha ya keekee juu ya barafu, akaanza tundu la kumi na mbili.