Ña Nimia hafungi programu ya mtu kimyakimya

"Ataona tu imegoma, Ña Nimia. Atadhani mashine imeharibika, ataita fundi, basi."

"Fundi ni mimi, Profesa. Ataniita mimi. Nitamwambia nini?"

Saa mbili na nusu asubuhi, Profesa Arsenio Villasboa, mkuu wa Idara ya Misitu, amesimama mlangoni mwa ofisi ya leseni na shati limeshamganda mgongoni. Ndani, Nimia Recalde, ambaye wote humwita Ña, yaani Bi, mwenye umri wa miaka hamsini na mbili, anamimina maji ya barafu kwenye guampa, kikombe cha pembe kilichojaa majani ya yerba. Anampa profesa. Profesa anakunywa, anarudisha, wanaendelea kugombana. Katika Chuo Kikuu cha Ybytyruzú hata ugomvi hausimamishi tereré, kinywaji hicho cha baridi ambacho watu wa Paraguay hunywa kwa kupokezana mrija mmoja.

Wanachogombania ni nafasi moja ya programu ya takwimu.

Chuo hulipia programu za kompyuta kwa mkupuo, mara moja kwa mwaka, kwa ajili ya wafanyakazi wake wote. Zile za kawaida kila mwajiriwa anaziweka ofisini na nyumbani kwake, hakuna anayehesabu. Zile ghali zinagawiwa kwa nafasi. Kila idara ina nafasi zake, kila nafasi ina jina la mtu, na mtu huyo lazima awe mwajiriwa. Akiondoka kazini, nafasi inarudi ili apewe mwingine. Mzazi yeyote aliyewahi kugawia watoto wanne soda tatu anaielewa kazi ya Ña Nimia bila kusomeshwa zaidi.

Nafasi ya mwisho ya Idara ya Misitu ina jina la Don Eulalio Giret. Don Eulalio alistaafu mwezi wa tatu, na programu bado inafunguka nyumbani kwake. Mhadhiri aliyeshika vipindi vyake, Derlis Ayala, hana nafasi. Anasubiri katibu wa idara aende kula ndipo aazime mashine yake.

Leo saa sita mchana Nimia anatakiwa kuithibitishia kampuni inayouza programu kwamba kila jina kwenye orodha ni la mwajiriwa wa chuo. Akithibitisha uongo na kampuni ikaugundua, leseni ya chuo kizima inaweza kufutwa.

Kwamba nafasi lazima irudi, profesa na Nimia hawabishani. Wanabishana namna ya kuirudisha. Profesa anataka Nimia aikate kutoka mezani kwake, kitufe kimoja, bila kumwambia mzee neno. Nimia anasema hakati mpaka mwenyewe aambiwe na kazi zake zitolewe kwanza. Halafu anasema anayepaswa kwenda kumwambia ni mkuu wa idara.

"Mimi?" anauliza profesa. "Huyu mzee alinifundisha. Ndiye aliyemshika binti yangu kwenye ubatizo. Niende nikamwambie compadre wangu kwamba yeye si mwenzetu tena?"

"Si mlimfanyia karamu ya kumuaga? Mkachoma ng'ombe karibu mzima."

"Karamu ni karamu. Hakuna aliyemwambia aondoke."

Hapo profesa amesema ukweli mwingi kuliko alivyokusudia. Kwenye duara la tereré hakuna anayemwambia mwenzake kwamba imetosha. Anayemimina anaendelea kumpa kila mtu zamu yake mpaka mtu mwenyewe arudishe guampa na kusema asante. Asante maana yake amemaliza, na zamu ijayo ataachwa. Kabla hajasema, kumruka ni tusi.

Ndivyo idara ilivyomfanyia Don Eulalio. Jumatatu baada ya karamu alikuja kazini kama kawaida, wakamsogezea kiti. Jumanne akaja tena. Alipoacha kuja, hakuna aliyeuliza, na kwenye orodha ya leseni wakamwandika "mshauri wa idara" ili jina lisitoke.

"Basi thibitisha hivyohivyo," anasema profesa. "Mshauri naye ni mfanyakazi."

"Mshauri halipwi. Mkataba unasema mwajiriwa. Mimi napata guaraní milioni nne kwa mwezi, Profesa. Ukitaka nidanganye kwa bei hiyo, umeniona rahisi sana."

Profesa anarudisha guampa. "Asante," anasema kwa ukavu, na kuondoka.

Nimia anatikisa majani yaliyomo kwenye kikombe. "Huyo si mtu mbaya," anamwambia mwandishi wa makala haya. "Ni mwoga tu. Hapa waoga tuko wengi, na wote tuna adabu nzuri."

Nimia alizaliwa mjini hapa, mtoto wa mwoka chipa, vimkate vya jibini. Alisoma stashahada ya kompyuta jioni huku akilea watoto wawili, kisha akaajiriwa chuoni kutunza kabati la vifaa. Wakati huo programu zilikuja kwenye diski, na diski zilikaa kwenye kabati lake. Anasema hakuna idara iliyokuwa inalipia. Mmoja alinunua, chuo kizima kikanakili.

"Tulikuwa tunagawana programu kama tunavyogawana tereré," anasema. "Mrija mmoja, watu wote. Hakuna aliyeona ubaya. Ubaya ulikuwa kumnyima mwenzako."

Kisha nakala moja ikaja na virusi. Vilipita idara kwa idara kwa njia zilezile za kuazimana. Wanafunzi kadhaa wa mwaka wa mwisho walipoteza tasnifu zao, na kwa kuwa diski zilitoka kwenye kabati la Nimia, Nimia ndiye aliyeambiwa awapigie simu.

"Msichana mmoja hakulia wala hakunitukana. Aliniuliza tu, 'Sasa nianzie wapi?' Tangu siku ile sigusi mashine ya mtu kabla sijajua kazi yake imekaa wapi."

Baada ya janga hilo chuo kilikubali kulipia leseni ya pamoja, na Nimia akapewa aisimamie. Yuko peke yake kwenye ofisi hiyo. Anajua nani ana nini, nani anaazimisha neno lake la siri, na nani amejaza kompyuta ya ofisi kwa michezo ya mpira ya mwanawe. Hao wa michezo anawaacha. Wa maneno ya siri anawafuata mpaka mezani kwao.

Kazi ya Don Eulalio anaijua pia. Kwa miaka thelathini mzee huyo amepanda milima ya Ybytyruzú kupima unene wa miti ya msituni, mti mmoja mmoja, kila mwaka. Vipimo vyote viko kwenye mafaili ya programu ile. Nafasi ikikatwa, mafaili yatabaki kwenye mashine yake lakini hayatafunguka.

"Ni kumwachia mtu kabati lake na kuondoka na ufunguo," anasema Nimia. "Halafu unamwacha aite fundi."

Kabla ya saa nne anafunga ofisi. Anaifunga chupa ya maji ya barafu kwenye pikipiki kwa mpira, anamwambia mwandishi apande nyuma, na kutoa onyo moja tu: asiburuze miguu chini kama breki.

Don Eulalio, mwenye miaka sabini na moja, yuko barazani amevaa kandambili, anamenya mihogo. Hainuki. Anasogeza kiti kwa mguu.

"Umechelewa, mwanangu," anasema. "Nakungoja tangu mwezi wa tatu."

Nimia anakaa. Anauliza kama mzee alijua.

"Nilikuwa mkuu wa idara kabla ya Arsenio. Masharti ya leseni nilisaini mimi. Nisijue?" Anaitupa mihogo kwenye sufuria. "Nilikuwa nangoja mtu aje aniambie. Wanapita hapo barabarani na magari yao, wanapiga honi, wananipungia. Wananipungia kama wanasindikiza jeneza. Arsenio yuko wapi?"

"Ana kikao."

"Saa nne? Arsenio hajawahi kukaa kikao saa nne. Saa nne ni saa ya chipa."

Nimia anacheka mpaka anamwaga maji. Mzee hacheki. Anaingia ndani na wageni wanamfuata. Kompyuta iko mezani chini ya kitambaa cha kufuma, kama mkate. Anakiondoa na kuiwasha. Programu inafunguka, na juu kabisa inaandika jina lake, na chini ya jina, Idara ya Misitu.

"Naifungua kila asubuhi," anasema. "Siku nyingine sifanyi kitu. Naangalia hapo juu, naifunga. Nikiirudisha, asubuhi mashine itaniambia nini? Hali ya hewa?"

Mtu mwingine angetafuta maneno ya kumbembeleza. Nimia anavuta kiti.

"Don Eulalio, nafasi hii ni ya Derlis. Saa sita nathibitisha orodha na jina lako sitaliweka. Hilo halibadiliki. Lakini vipimo ni vyako, na siondoki hapa mpaka vimetoka vyote."

Mzee anampisha mbele ya mashine.

Kazi yenyewe haina maajabu. Nimia anayatoa mafaili moja baada ya jingine na kuyaweka kwenye majedwali ya kawaida, yanayofunguka kwenye programu yoyote. Jedwali la kwanza linatoka na kasoro. Majina ya miti yameandikwa kwa Kiguaraní, na kila herufi yenye kiwimbi juu imegeuka alama ya kuuliza.

"Miaka thelathini nimeupima msitu huu," anasema Don Eulalio akiinamia kioo, "leo unaniuliza mimi ni nani."

Nimia anafuta, anabadilisha mpangilio wa herufi, anatoa upya. Safari hii majina yanakuja mazima. Mzee haamini mpaka ajaribu mwenyewe. Anamwagiza atafute mti mmoja wa lapacho, wa juu ya kijito, uliopigwa na radi. Upo. Vipimo vyake vinapanda mwaka hadi mwaka, vinasimama ulipopigwa, kisha vinaanza kupanda tena polepole.

"Huo," anasema. "Watu wote walisema umekufa."

Majedwali mengine yanapohamia, Nimia anaweka programu ya takwimu ya bure, ambayo haina nafasi wala majina. Don Eulalio anaikagua na kusema ina sura mbaya.

"Sura mbaya," Nimia anakubali, "lakini haina mkuu wa idara."

Hapo mzee anacheka, kwa mara ya kwanza tangu wageni wafike.

Huku macho yake yakiwa kwenye kioo, Nimia anaeleza anachokusudia kupeleka kwa mkuu wa kitivo. Anataka kila anayekaribia kustaafu atembelewe na ofisi ya leseni mwezi wake wa mwisho kazini. Kazi zake zitolewe, programu ya bure iwekwe, afundishwe kuitumia, na nafasi airudishe mwenyewe mbele ya wenzake. Karamu ije baadaye.

"Sasa hivi tunakula nyama kwanza, kisha tunajificha," anasema. "Nataka iwe kinyume. Na kama hawataki kuiweka kwenye utaratibu, nitakuwa naenda mwenyewe. Pikipiki ninayo."

Anaulizwa kama muda anao, mtu mmoja kwa chuo kizima. Anasema hana. Anasema pia muda wa kupokea simu za watu waliopoteza kazi zao hakuwa nao, na bado alizipokea.

Saa tano na nusu majedwali yote yapo, kwenye mashine na kwenye kifaa kidogo cha kuhifadhia ambacho Nimia anamkabidhi mzee mkononi. Don Eulalio anakitia mfuko wa shati na kuufunga kifungo.

Nimia anasogeza kiti chake nyuma, mbali na kompyuta.

"Kitufe cha kurudisha leseni kiko hapo chini, kulia. Ningeweza kukibonyeza kutoka ofisini. Profesa alitaka hivyo. Mimi sitaki."

Mzee anakaa mbele ya kioo na hafanyi kitu. Nje kuku wanagombania maganda ya mihogo. Nimia hamhimizi na hatazami saa. Anajaza guampa maji ya barafu na kumpa, kwa kuwa ni zamu yake.

Don Eulalio anakunywa taratibu mpaka mrija unakoroma. Anafuta ncha yake kwa kidole gumba, anamrudishia Nimia kikombe.

"Asante, Nimia," anasema.

Kisha anageukia mashine na kubonyeza. Programu inauliza kama ana uhakika. Anabonyeza tena. Jina lake linatoka juu ya kioo, na jina la idara pamoja nalo.

Nimia anamimina tena, anamruka mzee, anampa mwandishi guampa. Mkono mwingine umeshashika simu.

"Derlis, fungua mashine," anasema. "Hapana, siyo ya katibu. Yako."