Nilijibu Karatasi Isiyo na Jina, Mama Mdogo Akafungasha

Admin, ficha jina langu, la kanisa langu na la mtaa wetu. Ukitaja Kasulu inatosha. Wachungaji wa Kasulu ni wengi.

Mimi ni mwanaume wa miaka ishirini na minane. Nilihitimu shahada ya theolojia miaka minne iliyopita, na sasa ninachunga usharika mmoja huku nyumbani. Nieleweke tangu mwanzo: sikuja hapa kwa kukosa maarifa. Nimewasoma mababa wa kanisa, nimewasoma na wapinzani wao, na chuoni sikumbuki mjadala nilioshindwa. Kwa hiyo msinitumie aya. Aya ninazo.

Baba yangu ana wake wawili: mama aliyenizaa, na mama mdogo, aliyeolewa nikiwa mtoto. Nilipougua surua, mama akiwa ametoka kujifungua, mama mdogo ndiye aliyenibeba mgongoni kwa miguu hadi hospitali ya Kabanga. Tangu hapo aliniita "mwana wanje", yaani mwanangu kwa Kiha chetu, na sikuwahi kusikia akiniita vingine.

Sasa baba anaumwa moyo. Haombi kitu ila kubatizwa na mikono ya mwanawe kabla hajafa. Lakini sheria ya kanisa letu ni kwamba mwenye wake wawili habatizwi mpaka abaki na mmoja. Wachungaji wengine huilegeza kimyakimya. Mimi niliitetea hadharani na kwa maandishi, nikiamini kwamba wanaoilegeza ni wavivu wa kufikiri. Kwa baba nilisema tu, "Tuombe, Mungu atafungua njia." Hapo, nakiri, sikuwa na ushujaa nilionao mimbarini.

Mwezi uliopita tulifanya semina ya ndoa. Kwetu mtu mwenye swali la aibu huliandika kwenye karatasi bila jina, akaitia kapuni, na mchungaji huisoma mbele ya wote. Karatasi moja iliuliza: "Mke wa pili anayetaka mume wake abatizwe, afanye nini?"

Ndugu zangu, nilifurahi. Lilikuwa swali langu hasa. Nilifafanua neno moja la Kigiriki, nikawapangua Ibrahimu na Yakobo, kisha nikahitimisha: "Mwanamke huyo akimpenda mumewe kwa kweli, aondoke mwenyewe. Kila siku anayobaki, amesimama mlangoni akimzuia mumewe asiingie mbinguni." Kanisa lilisimama. Makofi, vigelegele, haleluya. Mzee wa kanisa alinishika mkono akasema, "Mchungaji, leo umefundisha!"

Siku tatu baadaye mama mdogo alifunga nguo zake katika kitenge, akaenda kwa kaka yake Nyabibuye.

Dada yangu Ester, binti wa mama mdogo, alinikuta ofisini. Hakuketi. "Kaka, ile karatasi niliiandika mimi. Mama alinitamkia, si unajua hajui kuandika?"

"Kwa nini hamkuniuliza nyumbani?"

"Alisema nyumbani ungemhurumia. Alitaka jibu la Mungu. Na ulipojibu, kaka, alipiga makofi pamoja na wengine. Mimi nilikuwa nimekaa naye."

Nilikwenda kwa baba. Alikuwa amegeukia ukutani. "Nilimkataza. Akaniambia mwanao amesema huo ndio upendo. Haya, nimebaki na mmoja. Nibatize basi." Hakulisema kwa furaha.

Nilidhani walau mama yangu mzazi angefarijika; miaka yote hiyo walipimana maneno kuanzia kisimani hadi shambani. Alinitolea macho. "Nani alikutuma unigombee? Yule tumegombana hadi tumezoeana. Baba yako tunamgeuza kitandani watu wawili. Sasa njoo umgeuze wewe na shahada yako."

Nilipanda gari mpaka Nyabibuye. Nilimkuta mama mdogo akianika muhogo. Alipiga goti kunisalimu, jambo ambalo hakuwahi kulifanya, akaniita "Mtumishi". Nilimwambia arudi, kwamba nilisema kwa haraka, kwamba sikujua ni yeye. Alinisikiliza hadi mwisho, kisha akauliza kwa upole:

"Mtumishi, neno lile lilikuwa la Mungu, au lilikuwa lako?"

Nimejibu maprofesa. Huyu mama nilishindwa kumjibu. Nikisema lilikuwa la Mungu, nimemfungia huko, na baba atakufa akimtafuta kwa macho. Nikisema lilikuwa langu, basi amevunja nyumba yake kwa ajili ya majivuno ya kijana, na kesho ataniamini kwa lipi nikimwambia Mungu anampenda? Akanifungia muhogo mkavu nimpelekee baba, akarudi kwenye kazi yake.

Ubatizo umetangazwa Jumapili ijayo. Nilijaribu kuuahirisha, mzee wa kanisa akacheka, "Mchungaji, sheria si wewe uliyetufundisha? Na kizuizi kimeshaondoka." Alisema kizuizi. Nikimbatiza baba, naitia muhuri safari ya mama mdogo. Nikikataa, huenda asifike Jumapili nyingine, na hilo ndilo ombi lake la mwisho. Nikimbatiza akiwa na wake wote wawili, nitavuliwa uchungaji kwa hoja nilizoziandika mwenyewe, na sioni pa kuzipangua.

Kila asubuhi namaliza kuoga naiona mikono hii, najiuliza itafanya nini siku hiyo.

Nisaidieni mawazo, maana yangu yamefika ukingoni: nimfanyie nini baba, na nimjibu nini mama yule? Ila nawaomba jambo moja. Mimi kwenu ni karatasi isiyo na jina, nanyi mko wengi, na makofi ya hapa naona huja upesi. Kabla hamjajibu, fikirini kwamba aliyeandika huenda amekaa karibu nanyi, na kwamba atafanya mtakavyosema.