Mkwe Upande wa Pili wa Jiwe

Nyanjige alikuwa na tabia ya kumsemesha samaki kabla hajamvua. Alitemea mate kidogo kwenye chambo, akarusha mshipi, kisha akaanza: "Njoo, ng'wanone, mwanangu. Njoo usiogope, tunakwenda nyumbani tu." Na samaki walikuja. Wanaume wa Nassa waliovuta nyavu pale mchangani walimcheka, lakini jioni wake zao ndio waliotumwa kwake na sahani.

Kuvua alianza alipofiwa na mume. Siku watu walipomaliza kunyoa nywele za matanga, alipandisha mkono darini, akautoa mshipi wa marehemu na ndoana zake zilizochomekwa kwenye gunzi, akateremka ziwani. Kwenye mitumbwi wanawake hawakuruhusiwa kupanda, na yeye hakugombana na mtu.

"Mtumbwi wenu," aliwaambia, "mwamba wangu."

Mwamba wenyewe uliitwa Jiwe la Nundu. Ulitoka ufukweni ukaingia majini kama fahali aliyelala, na katikati ukainuka nundu ndefu kuliko mtu. Upande mmoja wa nundu maji yalikuwa meusi, marefu. Upande wa pili yalikuwa mafupi, yamejaa matete, na hakuna aliyehangaika nayo. Nyanjige alikaa upande wa maji marefu, kwenye shimo dogo lililomkaa vizuri kama kigoda.

Hata mwaka ule wa Operesheni, watu walipoletwa kutoka mashambani wakapangwa nyumba kwa mstari, yeye hakulalamika. Alimuuliza balozi wa nyumba kumi swali moja tu: kutoka hapa hadi kwenye jiwe ni mbali? Balozi akamwambia si mbali. Akabeba chungu chake akahamia.

Aliyekosa usingizi ni kaka yake, Maganga, mpakiaji wa pamba pale stesheni ya Malampaka. Alimtumia salamu kwa dereva wa lori. Mwanamke mmoja hawezi kulishwa na jiwe, alisema. Mavuno ya pamba yakiisha nakuja. Nikikuta chungu chako kikavu, nakupakia kwenye lori uje ukae kwangu, watoto wangu wakupe chakula.

"Mwambie aje na njaa yake," Nyanjige alimjibu dereva. Lakini usiku ule alijiona amekaa kwenye mkeka wa Malampaka, anapewa ugali na wake wa watoto wa kaka yake, anasema asante kila mara, na hakupenda alichokiona.

Basi mwezi wa kumi ukaingia. Mawingu yakaanza kujikusanya, sato wakasogea karibu na miamba kama kawaida yao, na hapo ndipo Anatoli alipofika.

Anatoli alikuwa mume wa binti yake, Wilhelmina. Kwao ni Ngulyati, mtu wa ng'ombe tangu utoto. Ukame ulipomaliza nyasi na ng'ombe wake wengi, alichukua mke na wale wachache waliobaki akaja ziwani kwenye maji. Kijiji kikampokea. Wakampa kiwanja kilichokuwa wazi, na kiwanja kilichokuwa wazi kilipakana na cha Nyanjige.

Sasa, kwa Wasukuma, mama mkwe na mkwe wake wa kiume hawakutani uso kwa uso. Hawali wakionana, hawapiti njia moja, na wakikutana kwa bahati mbaya kila mmoja anageuka na kuingia porini. Si chuki. Ni heshima, na kadiri mkwe anavyokuwa mtu mwema ndivyo anavyokimbia mbali zaidi. Anatoli alikuwa mtu mwema sana.

Nyanjige aliteremka asubuhi moja akaona mgongo wa mwanaume kwenye shimo lake, na pembeni fimbo ndefu ya kuchungia. Aliitambua ile fimbo. Akajifunika kanga kichwani, akarudi. Anatoli naye alisikia nyayo za mwanamke, akakisia, akavuka nundu akachutama kwenye matete, maji mpaka kiunoni. Jiwe likabaki peke yake, na sato wakapita.

Wilhelmina alipiga magoti mbele ya mama yake jioni. "Mayu, hakujua. Miamba ni mingi."

"Sijakasirika. Ana watoto wa kulisha. Mwambie asubuhi ni yake. Mimi nitakwenda jioni."

Wilhelmina akapeleka ujumbe. Anatoli akashika kichwa. "Mimi nimnyang'anye mayu asubuhi? Haiwezekani! Asubuhi ni yake, mimi nitakwenda jioni."

Kesho yake jioni wakakutana. Kanga kichwani, mtu matetani.

Usiku kila mmoja akafikiri: mwenzangu amenipa asubuhi, nikikataa tena nitamdharau. Kulipokucha kila mmoja akamtii mwenzake, wakakutana asubuhi.

Ikaendelea hivyo. Walihama adhuhuri, wakahama magharibi, na kila walipohama walihama pamoja. Wilhelmina alichoka kubeba maneno ambayo yalikuwa yanapishana na miguu ya wenyewe. Chungu cha Nyanjige kikabaki na matobolwa matupu, vile viazi vikavu vya kuchemsha. Siku ya kwanza alivila akicheka. Baadaye aliacha kucheka.

Pale njia inapoteremka ufukweni palikuwa na Bimdogo, mke wa mwenye duka, anakaanga vitumbua. Yeye alikuwa mtu wa mbali, mila ile haikumhusu, kwa hiyo aliifurahia kuliko wote.

"Mama Wilhelmina! Leo tena umerudi na mshipi mkavu?"

"Nimerudi."

"Na yule mwanao amepita hapa amelowa mpaka kifuani. Kila siku anaoga na nguo! Nyie Wasukuma mna kazi. Mkwe si mtoto wako huyo?"

"Ndiyo maana namheshimu."

"Mheshimu basi, lakini kaka yako anakuja kesho. Dereva kaniambia. Heshima inakaangwa na nini, kitunguu?"

Nyanjige akanunua kitumbua kimoja, akala amesimama, akitazama ziwani. Alipomaliza alijipangusa mafuta mkononi akasema, "Kesho mimi sirudi nyuma."

"Utamtazama usoni?"

"Nani kasema kutazama? Sirudi nyuma, basi."

Asubuhi alifika mapema, akakaa kwenye shimo lake, mgongo kwenye nundu. Hakujifunika. Punde akasikia mawe yakigongana nyuma, kisha kimya cha mtu aliyesimama ghafla.

"Wewe jiwe," Nyanjige akasema kwa sauti, macho majini. "Mwambie huyo aliyefika kwamba leo siondoki. Kaka yangu anakuja."

Sauti ikajibu, ndogo kama ya mtu aliye kanisani: "Jiwe, mwambie mayu nimesikia. Naondoka mimi."

"Jiwe, nani kamwambia aondoke? Mwambie akae upande wako wa pili. Nundu yako ni ndefu, haonwi na mtu."

"Jiwe, mwambie mayu upande huu ni matete tu. Maji yananifika magotini."

"Mwambie alivyovua siku ile nilimwona. Kazamisha mshipi kama anachimba kisima. Afupishe. Aweke mnyoo, autupe pale matete yanapotikisika bila upepo. Na asimame kimya, samaki si ng'ombe wa kupigiwa mluzi."

Anatoli alitaka kucheka, akajizuia kwa heshima. Akafupisha. Mara ya kwanza alinasa matete, mara ya pili akanasa suruali yake. Mara ya tatu Nyanjige alisikia maji yakipigwapigwa, na mtu mzima akipiga kelele kama mtoto: "Jiwe! Jiwe, ni sato!"

"Jiwe limesikia," alisema Nyanjige. "Amtoe kwanza, ndipo amtangaze."

Upande wake naye walikuja, mmoja, halafu mwingine, akawatunga kwenye kamba ya katani. Jua lilikuwa limepanda aliposikia mshipi ukiwa mzito kama umenasa gogo. Kisha gogo likaondoka. Alikuwa kambale, mkubwa, wa wale wanaokaa chini ya miamba mpaka wanaota kiburi. Nyanjige alizungusha mshipi mkononi, ukamkata. Akakanyaga utelezi, goti moja likaingia majini.

"Jiwe!" aliita, na safari hii sauti haikuwa ya mzaha. "Mwambie alete fimbo!"

Anatoli akaja. Alikuja kinyumenyume, uso nchi kavu, anapapasa nundu kwa mkono mmoja na kwa mkono wa pili ananyoosha nyuma ile fimbo ya kuchungia. "Jiwe, mwambie mayu aishike!"

"Kulia. Kulia zaidi. Jiwe, mwambie huko ni kushoto!"

Akaishika. Anatoli akavuta bila kugeuka, kama ng'ombe wa kukokota jembe, na Nyanjige akatoka majini na mshipi, na mwisho wa mshipi kambale akipiga mkia kwenye mawe. Akamgonga kichwani kwa jiwe dogo, akamwambia pole. Alipoinua macho, mkwe wake alikuwa amesharudi upande wake.

Maganga aliwakuta hivyo. Alikuwa ameletwa na Wilhelmina, ana vumbi la lori mpaka kwenye nyusi. Aliona mwanaume upande mmoja wa nundu, dada yake upande wa pili, wamepeana migongo, na samaki kila upande.

"Nyanjige! Mwangaluka! Umeamkaje? Nimekuja kukuchukua."

Nyanjige hakugeuka, mshipi ulikuwa unacheza. "Jiwe, mwambie kaka yangu mwangaluka. Mwambie lori lina nafasi ya kambale mmoja. Mimi nina kazi."

"Na mimi pia umeniwekea mwiko?" Maganga akauliza.

Upande wa pili wa nundu Anatoli alishindwa kujizuia. Alicheka mpaka akauachia mshipi, akaingia matetani kuufuata.

Maganga akavua viatu, akakaa kwenye mchanga kusubiri chakula.