Mashine Iliyokufa Saa Kumi Alasiri

Kwa miaka kadhaa nimekuwa nikipewa heshima nisiyostahili katika redio moja ndogo ya hapa Ifakara. Nilisomea fasihi chuo kikuu. Lakini siku moja nilimfungulia meneja barua pepe iliyogoma, na tangu hapo kila kompyuta ya pale ikiugua, ninaitwa mimi.

Masika yale kompyuta ya studio ilianza kufa, na ilichagua saa yake: saa kumi alasiri, kipindi cha matangazo ya vifo. Huo ndio muda ambao watu kuanzia Lupiro hadi Malinyi huacha hata kupepeta mpunga ili wasikie nani amefariki na anazikwa wapi. Mtangazaji husoma kwenye skrini, na kompyuta hiyohiyo hupiga muziki wa maombolezo kwa chini. Siku ya kwanza, ghafla muziki ulikwama kwenye sauti moja ndefu, kama mtu anayelia bila kuvuta pumzi, na skrini ikaganda. Tulipoiwasha upya, haikuwa imeandika popote kilichoiua.

Mtangazaji alikuwa dada mmoja wa kijiji cha Kisawasawa. Wiki chache kabla, kaka yake alipotelea kwenye mafuriko njia ya Malinyi. Ilipatikana pikipiki yake tu, imesimama ndani ya maji, ufunguo ukining'inia. Mama yao alikataa matanga: hakuna mwili, hakuna msiba. Wasikilizaji wakaanza kusema dada yule ana mkosi, na kwamba sauti yake ndiyo inayoua mashine.

"Profesa," meneja aliniambia, "ikizimika tena namtoa kwenye kipindi. Watu wananipigia simu."

"Mashine haijui mikosi, bosi."

"Basi iseme yenyewe kinachoiua."

Nikaenda kusoma, na nilichokisoma kilinisisimua mwili. Unaweza kuiamuru kompyuta, pale inapowashwa tu, itenge kipande cha memori na kulaza humo kiini cha pili cha mfumo, yaani nakala ya ile programu kuu inayoiendesha. Kile cha kwanza kinafanya kazi zote na hakiruhusiwi kugusa kipande hicho. Siku kinapokufa, cha pili kinaamka ndani ya mwili uleule, kinaandika kwenye diski kila kitu ambacho marehemu alikuwa amekishika, kisha kinaiwasha mashine upya. Ni kama kujenga nyumba na kutenga chumba cha kulazia maiti kabla hujahamia.

Kompyuta yetu ilikuwa na memori ndogo, nami nikafanya ubahili: nilitenga megabaiti sitini na nne. Kesho yake ilipokufa, kiini cha pili kiliamka, kikakosa nafasi, nacho kikafa. Tukawa na maiti mbili. Meneja alicheka vibaya, akanipa siku moja ya mwisho.

Nikatenga mara nne ya hapo, nikaiwasha upya, na alasiri ya kesho yake nikakaa nyuma ya mtangazaji. Katika tangazo la tatu muziki ukakwama. Skrini ikawa nyeusi, halafu maandishi meupe yakaanza kutiririka yenyewe. Dada aliinua mikono yote miwili kutoka kwenye kibodi.

"Mwalimu, nani anaandika?"

"Yule tuliyemlaza jana."

"Usinitanie, tafadhali."

Mistari ya mwisho ya marehemu ilimtaja mkosaji waziwazi: programu inayoendesha kadi ya sauti. Dada alikuwa amesafishwa. Nami ningeishia hapo, ila lile tangazo lililokatika halikuwa limehifadhiwa, na wafiwa walikuwa wakisubiri. Nikatafuta ndani ya faili iliyoandikwa na kiini cha pili neno "inasikitika", ambalo halikosekani katika tangazo la kifo.

Fundi wa kweli angekiagiza kiini kile kiache sehemu za memori zenye vitu ambavyo watu wanaandika. Mimi sikujua, kwa hiyo kilikuwa kimemwaga vyote, hata vilivyofutwa. Tangazo la wafiwa lilikuwepo, nikamrudishia mtangazaji alisome. Chini ya hilo lilikuwepo lingine, lenye jina la kaka yake mtangazaji. Kisha tena, na tena. Katika moja ameacha mjane, katika lingine ndugu wanatajwa kuanzia kwa mama. Yote yalisimama kwenye maneno yaleyale: "Maziko yatafanyika".

Meneja nilimwonyesha mistari kumi tu, ile ya kadi.

"Kumbe kadi!" alisema, kama mtu aliyenyimwa hadithi, akaagiza nyingine. Dada akabaki kwenye kipindi chake.

Alinifuata koridoni.

"Lile tangazo umelipataje, mwalimu? Sikuwa nimelihifadhi."

"Mashine ilitoa kila kilichokuwa ndani."

"Hata nilivyofuta?"

Nilitaka kudanganya. Nikashindwa.

"Hata ulivyofuta."

Alisogea karibu.

"Kuna moja lenye siku ya maziko?"

"Hakuna."

"Umetazama yote?"

"Yote, dada."

"Basi bado hatujamzika," alisema, akarudi studio kuwasomea wengine.